Mwaka Niliotazama Manevre Kutoka Nje ya Uzio

Tulimzika Tata Kapend siku ya Jumanne, na kwenye kilio chake watu walimsifu mpaka nikaanza kujikuna. Mpole, walisema. Mtu wa kusamehe upesi, walisema. Hakuwahi kumkwaza mtu. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wamama wenzangu, sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo mapajani, nikasema kwa sauti, bila kuombwa, kwamba yule mzee alinikwaza mimi, mchana kweupe, mbele ya watu, na kwamba kama angekuwa mpole siku ile huenda leo kuna mtu hapa Kolwezi angekuwa anatembelea magongo. Wamama wakanigeukia kama niliyetukana kanisani. Binti yake mkubwa ndiye aliyeniokoa, alicheka huku machozi yanamtoka. "Mama Mwad, elezea basi," akasema, "bantu basikie." Nikaeleza kidogo. Lakini kwenye kilio huwezi kumaliza hadithi, mara wimbo unaanza, mara mgeni anaingia na kilio chake upya. Kwa hiyo naimalizia hapa, na sitampunguzia ukali wake hata kidogo, maana ukali ule ndio niliotoka kuulilia.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule, nangoja diploma iliyokuwa inachelewa huko inakochelewaga, na nililala kwenye chumba cha nyuma kwa yaya wangu Filo, dada yangu mkubwa, katika nyumba za mstari zilizopakana na uwanja wa mabehewa. Chumba kilikuwa na kitanda, cherehani ya yaya, gunia la makala, makaa ya kupikia, na dirisha moja lililotazama ukuta. Nyuma ya ukuta ndiko kulikokuwa na dunia. Saa kumi na mbili asubuhi mabehewa yalianza kugongana, paa, paa, paa, mlio ukikimbia kutoka la kwanza hadi la mwisho, na vikombe vya yaya vikajibu kabatini. Shemeji alinung'unika akageukia upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeshaamka, nimevaa, natafuta kandambili. Yaya akaniita kutoka jikoni, huku anapuliza mbabula yake, lile jiko la makala lililokuwa halishiki moto bila kutukanwa: "We Mwad, ile mashini ilikuoaka? Kunywa kwanza chai!" Nilikunywa nikiwa nimesimama, nikatoka na ndazi mkononi.

Kwa asiyejua, treni linalokwenda Lubumbashi au Dilolo halijipangi lenyewe. Mabehewa yanafika yamechanganyika, la shaba limefuatana na la saruji, la saruji na la unga, na kuna mashini moja ndogo ambayo kazi yake kutwa nzima ni kuyavuta, kuyasukuma, kuyatenga na kuyaunganisha mpaka kila moja limekaa mahali pake. Kazi hiyo sisi tunaiita manevre. Mashini kubwa za umeme zilipita zimeshika waya wao juu, zina haraka, haziangalii mtu. Ile ndogo ilikula mafuta, ilikuwa fupi na pana, rangi yake ya manjano imebanduka mbavuni, na ilikuwa na sauti ya mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno zito. Niliipenda. Sioni aibu kusema hivyo. Wasichana wenzangu walipenda wanamuziki, mimi nilipenda kuona vyuma ishirini vinatii mkono wa mtu mmoja.

Ndani hatukuruhusiwa, walinzi walikuwa wakali. Basi nilitafuta mahali pa kutazamia nikiwa nje, na mpaka leo ukiniuliza nitakuelekeza, kwa sababu ingawa mengi yamebadilika, reli haihami ovyo kama watu. Nilianza na ukuta wetu wenyewe, kwenye tofali lililovunjika karibu na mparachichi wa yaya, lakini pale uliona mapaa ya mabehewa tu, ni kama kutazama arusi ukaona kofia. Kisha nikapanda ramble, kile kilima cha udongo uliotolewa mgodini, na kutoka juu uwanja wote ulikuwa umelala mbele yangu kama bukari kwenye sahani, njia zote, mashini inaingia hapa inatokea pale. Ubaya ni kwamba watu walionekana wadogo kama chawa na ishara zao hazisomeki, na nilirudi nyumbani mwekundu wa vumbi hadi kwenye nyusi. Kulikuwa pia na mahali reli inapokata barabara, penye kelele na raha, ambapo wauza makala walisimamisha baiskeli zao kungoja mashini ipite na mama mmoja aliuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye ndoo iliyofunikwa. Pale nilisikia maneno ya kila aina. "Unaona ile mashini?" mmoja alimwambia mwenzake. "Iko mudogo lakini inasukumaka wagon ishirini bila kuchoka." Mwenzake akajibu, "Sawa bibi yako," yaani kama mkeo, na wote wakacheka, hata mwenye mke.

Lakini mahali nilipopapenda kupita pote palikuwa nyuma kabisa, kwenye bustani za mihogo, ambapo njia moja ya uwanja inakufa mbele ya boriti nene iliyopigwa misumari. Mashini ilibaki mbali, nyuma ya mabehewa, huioni hata bomba lake, na mabehewa yalikuja yenyewe kwako, yanakua, yanakua, ardhi inatetemeka chini ya nyayo, halafu yanasimama, tss, hatua tatu kabla ya boriti. Moyo uliniruka kila mara! Kando ya behewa la mbele alitembea akroshere, mtu wa kufunga na kufungua mabehewa, na yeye ndiye aliyesema kwa mkono. Mkono mmoja ukipanda na kushuka kando ya mwili, mabehewa yanakuja. Mkono ukipita juu ya kichwa, kulia na kushoto, yanaondoka. Mikono yote miwili juu, kila kitu kinasimama. Na kabla ya kusogea, mashini iliitikia kwa honi fupi, kama mtoto mwenye adabu anavyoitika akiitwa. Nilisimama kwenye mihogo ya watu nikizirudia ishara zile, na mwenye bustani akadhani nafukuza ndege, akanishukuru.

Hapo ndipo tangazo lilipobandikwa. Vijana wengi walikuwa wanakimbilia kampuni ya shaba, na reli ilikuwa imepungukiwa na akroshere. Tangazo lilitaka watu wenye afya, wanaojua kusoma, wasiozidi miaka thelathini. Nililisoma mara nne nikitafuta neno wanaume, halikuwapo. Labda aliyeandika aliona ni jambo la kujulikana, kosa lake. Nikaandika jina. Shemeji alisema mezani, akiniepuka kwa macho na kuongea na samaki wake, kwamba nyumba hii itachekwa mpaka Likasi. Yaya Filo akaniongezea sombe, na kwa yaya sombe ilikuwa kura. Toka siku ile sikutaka kitu kingine. Nilitaka kuingia ndani ya uzio ule, nivae viatu vizito, niinue mkono na chuma kinitii. Niliomba hivyo usiku na asubuhi, kwa maneno hayohayo, bila kumwongezea Mungu jambo la pili asije akachanganya.

Siku ya jaribio tulikuwa saba, vijana sita na mimi. Shefu wa stesheni, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na subira isiyojaa hata moja, alisimama kando ya jiwe lililopakwa chokaa. Mbele yetu kwenye njia ilikuwepo mashini, na nyuma ya mashini mabehewa matatu matupu. Nyuma zaidi, kwenye njia ileile, lilisimama behewa bovu ambalo mafundi wa reli walilifanya jiko, moshi unatoka mlangoni, mpishi wao anasonga bukari la watu wengi. Kazi ilikuwa nyepesi: simama kwenye jiwe, leta mashini na mabehewa yake mpaka hapa, simamisha. Dirishani kwa mashini alikuwa Tata Kapend, dereva wa manevre, ambaye mimi nilimjua kwa kiwiko chake tu. Vijana wawili walifanya vizuri, mmoja alisahau kusimamisha akaruka pembeni kama chura, tukacheka. Likaja jina langu.

Niliinua mkono kando ya mwili, ukapanda ukashuka, safi kabisa, kama nilivyofanya mara elfu kwenye mihogo. Tata Kapend alinitazama. Alinitazama kitambo kirefu kuliko alivyowatazama wengine, na mimi nikajivuna, nikadhani anastaajabu. Akapiga honi fupi. Mashini ikaanza kwenda, na ikaenda kinyume, inaniacha, inasukuma mabehewa yake kule kwenye jiko. Nikasema moyoni, mzee amekosea! Nikarudia ishara ileile kwa nguvu zaidi, mkono mzima, kama anayepiga maji. Honi tena, adabu ileile, na mashini ikaongeza mwendo kidogo. Ndipo mpishi akatoa kichwa mlangoni. Sijui akili yangu ilikuwa wapi, lakini mikono yangu yote miwili ilipanda yenyewe. Mashini ikasimama palepale. Mabehewa lakini yana nafasi kati yao, yakabanana moja baada ya jingine, na la mwisho likaligusa jiko, paa moja ndogo tu, ya kirafiki. Kikafuata kishindo cha sufuria.

Mpishi aliruka chini mzima, mwiko mkononi, bukari hadi kwenye viwiko. "Nani njo alitoa signo?" akauliza, ishara ile katoa nani, na vidole vyote vya uwanja ule vikanielekea. Shefu alinipita bila kunitazama akaenda chini ya dirisha la mashini. "Kapend, haukuonaka kama huyu mutoto mwanamuke anakosea?" Na Tata Kapend, kiwiko dirishani, akajibu taratibu, "Nilionaka mukono, Shefu. Mukono ilisema sukuma, nikasukuma." Basi. Nilitolewa nje kwa lango lilelile nililokuwa nimeingilia nikiimba. Mafundi walikula ndazi siku ile, na kwa wiki nzima watoto wa mtaa waliniita Mwangabukari, yule aliyemwaga ugali. Nililia kwenye chumba cha nyuma, juu ya gunia la makala, maana kitandani yaya alikuwa ametandika nguo ya mteja. Na katikati ya kilio hasira ilinishika, hasira nzuri, ya kunyanyua mtu. Yule mzee alijua! Alinitazama vile kwa sababu alijua, na akaniacha nianguke.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake kumgombeza. Sebule yake ilikuwa na viti viwili vyenye vitambaa vya kufuma, redio iliyofunikwa kama maiti, na harufu ya samaki wa kukaanga iliyonikumbusha kwamba sijala. Nilifungua kinywa, akanyoosha kidole kwenye beseni. "Nawa kwanza. Na njala, bantu banasemaka bibaya." Mkewe aliweka bukari, tomsoni wawili, wale samaki wa kukaanga, na pilipili. Nikanawa, nikala, na hasira ikaanza kupata shida ya kukaa wima.

"Tata, ulijua," nikasema hatimaye.

"Nilijua."

"Ulionaka kama nakosea."

"Mara mbili. Ya pili ulikosea na nguvu."

"Sasa juu ya nini haukusimama? Ungenipigia hata honi murefu!"

Aliweka tonge lake chini. "Sikiliza, mwana. Siku moja akroshere moja ataingia katikati ya wagon mbili, afunge krosho, ile ndoano yabo. Mi siko namuona. Naona paka mukono yako, mukono tu. Ile siku, unataka nifwate mukono yako, ao nifwate bile mi nawaza uko unataka kusema?" Nikaitazama mikono yangu, naye akaendelea. "Kama leo nakuhurumia, natafuta kile iko mu kichwa yako, kesho nitatafuta tena. Kesho kutwa nitakosea. Na yule wa mu katikati atakatika miguu. Bukari ilimwangika, bamepika ingine. Miguu habapikake." Akarudia tonge lake. Hakuna kitu kinachokasirisha kama mtu kuwa na haki huku anatafuna. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimezika mume, nimelea watoto, nimepewa huruma na watu wengi wazuri, na bado nasema hakuna aliyenitendea wema mkubwa kuliko yule aliyeniamini mkono kuliko alivyoniamini uso. Siku ile lakini nilitamani kumrushia tomsoni.

Mkewe ndiye aliyeuliza nilijifunzia wapi. Nikawatajia, ukuta, ramble, barabara, na nilipofika kwenye bustani za mihogo Tata Kapend aliacha kutafuna. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mkewe akampiga mgongoni. "Kumbe! Kule unaonaka paka wagon. Mashini iko nyuma, hauionake. Mukono ikisema sukuma, we unaona wagon inakuya. Njo ukashika kama ile signo ni kuita!" Alichukua vipande viwili vya bukari, akavipanga mezani, kimoja mashini, kimoja behewa, na pilipili moja ikawa mimi. Akasukuma kipande, behewa likanijia. Kisha akaihamisha pilipili upande wa pili, akasukuma vilevile, na behewa likanikimbia. Mkono uleule. Nilihisi kichwa kinafunguka kama dirisha baada ya mvua. Kumbe mkono hausemi njoo wala nenda! Mkono unaiambia mashini vuta au sukuma, na wewe uliyesimama lazima kwanza ujue mashini iko wapi! Nilipiga meza, pilipili ikaanguka, nikamkumbatia mkewe. Mzee mwenyewe sikuthubutu. "Lakini usiniombe nikusemee kwa Shefu," akasema. "Mi sisemeake muntu."

Sikumwomba. Kiangazi kile chote, asubuhi moja nilikuwa mihogoni, asubuhi ya pili kwenye barabara, ambako mashini ilikuwa upande wangu na mabehewa nyuma yake, na kila kitu kilikuwa kinyume, na utamu wake siwezi kuueleza. Ishara ileile iliyoniletea mabehewa jana, leo iliyapeleka. Nilikuwa kama mtu aliyegundua kwamba mji wake una mlango wa pili. Mama wa munkoyo aliingia mchezoni. Akroshere akiinua mkono, mimi natangaza kabla ya honi: "Anavuta!" Nikipata, ananijazia kikombe, nikikosa, namchotea maji bombani. Juma la kwanza nilichota maji mpaka mabega yakauma. Mwishoni mwa mwezi wa nane alikuwa analalamika kwamba ninammalizia ndoo, na wauza makala walikuwa wanachelewa makusudi, wanabishana nami, "Sukuma!" "Hapana, vuta!" na mashini ilipoitikia walipiga kelele kama mpira umeingia golini. Nilijizoeza swali moja, nikiamka, nikifua, nikisonga bukari: mashini iko wapi? Yaya Filo alichoka nalo. "Iko mu kitanda yangu, inalala, na ingine njo we, inaniuliza bingi," alisema, na shemeji, kwa mara ya kwanza tangu tangazo, akacheka.

Mvua za kwanza zilipoanza, tangazo likabandikwa tena, kwa sababu vijana watatu kati ya wale sita walikuwa wameshahamia kwenye shaba. Nikaandika jina. Shefu alipoliona alizungusha macho, na nilipofika uwanjani mpishi wa mafundi alikuwa ameshateremsha sufuria yake chini, ameisimamisha mbali kabisa na reli, amekaa juu ya kifuniko. Safari hii njia ilikuwa ya kona. Niliona mabehewa matano, na kona imekula vilivyobaki, mashini sikuiona. Shefu alinionyesha boriti kando yangu. "Leta hapa," akasema, bila kutaja mashini iko wapi. Najua alifanya makusudi. Mkono wangu wa kuume ulitaka kupanda, kwa kweli niliusikia unataka, nikaushika kwa mkono wa kushoto. Kisha nikaanza kutembea.

"Unaenda wapi?" Shefu akaita. "Saa inapita!"

"Natafuta mashini, Shefu."

Vijana wakacheka. Mimi niliendelea, behewa la kwanza, la pili, kokoto zinateleza, la tatu, la nne, la tano, na pale mwisho wa kona, kwenye upande wa mbali, ilikuwepo, manjano yake imelowa mvua, inasafisha koo. Kiwiko kilikuwa dirishani. Tata Kapend alinitazama kama asiyenijua kabisa, kama hajawahi kunipangia bukari mezani. Mashini iko nyuma, mabehewa yako mbele yake, boriti iko mbele ya mabehewa. Basi ni kusukuma. Nikasimama mahali atakaponiona mpaka mwisho, upande wa ndani wa kona, nikainua mkono kando ya mwili, ukapanda, ukashuka. Honi fupi. Na vyuma vile vyote, Mungu wangu, vikaja pamoja nami! Nilitembea navyo, mkono ukienda pole, navyo pole, ukienda pole zaidi, navyo pole zaidi, hadi niliposikia pumzi ya Shefu. Mikono miwili juu. Tss. Kati ya behewa na boriti ungeweza kupitisha mkate.

Hakuna aliyepiga makofi, uwanjani hawapigi. Lakini kuna desturi moja kule, ya zamani kuliko Shefu na kalamu zake: akroshere haandikwi kazini mpaka dereva atakayefanya naye ameulizwa mbele ya wote, kwa sababu huwezi kumlazimisha mtu kufuata mkono asiouamini. Akikataa, imekwisha, hata ukiwa mtoto wa askofu. Shefu akaenda chini ya dirisha, sisi sote tukamfuata, mafundi wakaja na sahani zao, mpishi na kifuniko chake. Mvua ilikuwa inanyesha na mimi sikuisikia.

"Kapend," Shefu akasema, "utatumika na huyu mwanamuke?"

Tata Kapend aliifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hakunitazama mimi, alimtazama Shefu.

"Nilifwataka mukono yake siku ilikosea," akasema. "Leo inasema kweli, njo nitaikatala?"